SHIKAMOO HAITOSHI

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nipinge hoja ambayo mimi mwenyewe niliitetea, tena nikashinda.

Msomaji mpendwa, kama ulikuwa ukumbini siku ya mdahalo wa muhula wa pili, bila shaka unaikumbuka mada: wazee wanaheshimiwa zaidi Afrika kuliko Ulaya na Marekani. Sisi wa Kidato cha Tatu Magharibi tulikuwa waungaji mkono, na mimi nilikuwa msemaji wa kwanza. Nilisema Wazungu huwapeleka wazazi wao katika nyumba za wazee, kisha huwatembelea Krismasi kwa Krismasi. Nikasema sisi tunaishi na wazee wetu, tunawapisha viti ndani ya matatu, na hata mtoto wa chekechea anajua kusema "shikamoo". Nikafunga kwa methali mbili tatu, si mnajua vile sisi wa Chama cha Kiswahili tunazipenda, nikapigiwa makofi ya kilo. Wapinzani walikuwa na hoja lakini hawakuwa na sauti. Tuliwashinda kwa alama nane.

Wiki mbili baadaye, mama alinituma nimpeleke nyanya hospitalini.

Nyanya yangu ana miaka 74. Aliuza sukuma wiki, vitunguu na nyanya sokoni kwa zaidi ya miaka 30 (nyanya kuuza nyanya, utani huo tumeusikia wa kutosha), na hakuna mteja aliyewahi kumdanganya hata shilingi moja ya chenji. Huyo ndiye mtu niliyekaa naye kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Zamu yetu ilipofika, daktari, kijana tu, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Anaumwa wapi?"

"Magoti," nikajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani analolijua.

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na minne."

Daktari akacheka kidogo, wala si kwa ubaya. Akamwinamia nyanya, akapaza sauti kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Shosho, hiyo ni miaka tu! Hata gari likizeeka hupiga kelele!" Akaandika dawa za maumivu, akamwita anayefuata. Sidhani kama dakika tatu zilikwisha.

Tulipokuwa tukirudi nyanya alinyamaza hadi tukavuka daraja. Ndipo akasema, bila hasira yoyote: "Mjukuu wangu, wewe ulimwambia daktari magoti. Mimi nilikuja kwa sababu ya macho."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumbe kwa miezi mingi alikuwa akiona ukungu! Na dalili zilikuwepo. Alikuwa akimwaga chai anapomimina. Sisi tukafanya nini? Tukamnyang'anya birika. Alijikata alipokuwa akimenya viazi, tukamnyang'anya kisu. Tukamwambia, "Nyanya, wewe keti tu upumzike." Tulidhani hiyo ndiyo heshima. Katika nyumba yenye watu sita hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Nyanya, unaona sawasawa?"

Kwa siku mbili nilimlaumu daktari. Siku ya tatu nikakumbuka ni nani aliyejibu swali.

Nilimsimulia mwalimu mlezi wa chama chetu mambo hayo. Akaniambia kwamba jambo hilo lina jina, ubaguzi wa umri, na kwamba kuna wataalamu ambao kazi yao ni kulichunguza. Akanipa kazi ya kusoma wakati wa likizo. Nilisoma kwa shingo upande mwanzoni, lakini nikakutana na watu walionishangaza, nao ni Wamarekani, wale wale niliowasema jukwaani.

Wa kwanza ni daktari Robert Butler, ndiye aliyelitia jambo hili jina. Mwaka wa 1969, katika kitongoji cha Chevy Chase karibu na jiji la Washington, kulikuwa na mpango wa kugeuza jumba la ghorofa kuwa makao ya wazee maskini. Wakazi wakaja juu. Hawakutaka wazee pale. Mwandishi kijana wa gazeti la Washington Post, Carl Bernstein, alipomhoji Butler kuhusu vurugu hizo, yeye akasema chuki ile ilifanana na ubaguzi wa rangi, ila hii ilihusu umri. Neno alilolitumia siku hizo limo katika kamusi za Kiingereza hadi leo.

Lakini kilichonigusa zaidi ni maisha ya Butler mwenyewe. Alilelewa na babu na nyanya yake katika shamba la kuku, mahali paitwapo Vineland, jimbo la New Jersey. Alipoingia chuo cha udaktari alishtuka kusikia jinsi wagonjwa wazee walivyosemwa kwa dharau. Hao aliokuwa akiambiwa awadharau walikuwa mfano wa waliomlea! Baadaye yeye na wenzake waliwachunguza wazee waliokuwa na afya njema, wakaona kwamba mambo mengi yanayodhaniwa kuwa uzee ni magonjwa. Rudia sentensi hiyo, msomaji. Ugonjwa unaweza kutibiwa. Ukishauita "miaka tu", umeufungia mlango. Butler aliandika kitabu kuhusu kuzeeka Marekani, na mwaka wa 1976 kikampatia Tuzo ya Pulitzer.

Wa pili ni mwanamke aitwaye Patricia Moore, mbunifu wa vifaa vya matumizi. Mwaka wa 1979, akiwa na umri wa miaka 26, aliamua kujionea. Alijipaka usoni hadi akaonekana bibi kizee, akaziba masikio asisikie vizuri, akapunguza uwezo wa macho yake, akafunga viungo asiweze kukunja magoti. Kwa hali hiyo alitembea katika miji zaidi ya 100 ya Marekani na Kanada hadi mwaka wa 1982. Siku moja vijana walimvamia, wakampiga na kumwibia, wakamwacha na majeraha mabaya. Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya daktari na nyanya halisi, na hata sikujaribu kufumba macho kidogo nione anavyoona.

Wa tatu ni Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka wa 2002 yeye na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu 660 wa mji mmoja jimboni Ohio, wote wenye miaka 50 na zaidi. Miaka mingi kabla ya hapo watu hao walikuwa wameulizwa wanavyouona uzee wao wenyewe. Walioutazama kwa wema waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya walioutazama vibaya, hata baada ya watafiti kuzingatia afya yao na hali yao ya maisha. Rafiki yangu mmoja aliposikia hayo alisema ni uchawi. Si uchawi. Mtu akiambiwa kila siku kwamba amekwisha, mwishowe huamini, na akishaamini, ya nini kwenda hospitali? Ya nini kufanya mazoezi? Nyanya alikaa na ukungu wake miezi yote hiyo manake yeye pia alikuwa ameanza kusema ni miaka.

Najua wapinzani wangu wapya watasema nini, kwa sababu mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo: hayo ni ya Wazungu. Haya, turudi nyumbani basi. Mwezi wa Mei mwaka wa 2008, eneo la Kisii, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa kuchomwa moto wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa kwa madai yayo hayo. Kilifi nako wazee wameuawa kwa miaka mingi, na watetezi wao husema kwamba mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba la urithi. Kwa jirani zetu Tanzania, upande wa Usukuma, akina mama wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu, jamani! Mwanamke aliyepuliza moto wenye moshi miaka 50 ili watoto wale, atakuwa na macho ya rangi gani? Niliposoma hapo nilifunga daftari, nikaenda kumtazama nyanya akiwa amelala.

Sisemi kumjibia mtu kwa daktari ni sawa na kumwua. La hasha! Ninachosema ni kwamba yote mawili huanza pale mtu anapoacha kuulizwa na kuanza kuzungumziwa. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2021 kwamba duniani, katika kila watu wawili, mmoja ana mtazamo wa kibaguzi juu ya wazee. Hiyo ni nusu ya darasa letu. Tukijipima kwa haki huenda tukapita nusu.

Tazama hata lugha yetu, ambayo chama hiki kinajivunia. "Mzee" ni neno la heshima, sawa. Lakini fungua insha zetu. Ajuza akiingia katika hadithi, aghalabu ana tunguri. Shaibu akiingia, ni wa kuchekwa kwa kuoa msichana mdogo. Tukitaka kumdhalilisha zaidi, tunamwita kizee, tukampa kiambishi kile kile cha kitoto na kijitu. Na hapa shuleni mwanafunzi akirudia darasa anaitwa Maruge. Mnajua Maruge alikuwa nani? Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84, amevaa kaptura na soksi. Alitaka ajisomee Biblia mwenyewe na ajihesabie pesa zake mwenyewe. Mwaka wa 2005 alialikwa New York kuzungumzia elimu ya bure. Alifariki mwaka wa 2009. Neno hilo "mwenyewe" ndilo nililoshindwa kumpa nyanya yangu. Na sisi tumelifanya jina lake kuwa tusi.

Kusema kweli, wazee nao si malaika. Kuna wazee wanaotunyamazisha vikaoni kwa "wewe mtoto unajua nini?", na huo pia ni ubaguzi wa umri, unatoka juu kuja chini. Tena sikatai kwamba wazazi wetu wamechoka. Mama yangu anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, ndiyo maana nilitumwa mimi. Upendo upo. Shida ni kwamba tunawaheshimu wazee kama vile vikombe vya wageni vilivyopangwa kabatini: tunavipangusa vumbi, tunavisifu, lakini hakuna anayevitumia. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 57, haisemi wazee watunzwe tu. Inasema pia washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Hata pesa za Inua Jamii, zile Ksh 2,000 kwa mwezi ambazo serikali ilianza kuwapa wote waliofikisha miaka 70 mwaka wa 2018, nyanya alipokwenda kuzichukua, aliyekuwa akilipa alinihesabia mimi noti mkononi. Mwuza nyanya wa miaka 30 akasimama kando akitazama. Nami nilizipokea. Siku hiyo sikuona kosa lolote.

Pendekezo langu kwa chama ni dogo. Kila mwaka tunatembelea wazee wa mtaa huu tukiwa na unga na sabuni. Tunaimba, tunapiga picha, tunarudi. Mwaka ujao twende na madaftari pia, tuulize, kisha tunyamaze. Wenzetu wa somo la Historia wanatafuta mambo ya zamani kwenye vitabu, ilhali walioyaona wameketi nje ya vibanda mita 200 kutoka getini. Na tusiulize ya zamani peke yake. Tuwaulize ya leo: bei, kura, maji, na wanachotaka.

Nyanya nilimrudisha hospitali, safari hii nyingine, ile yenye kliniki ya macho. Tuliambiwa ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na kwamba upasuaji unawezekana. Ninapoandika haya anasubiri zamu yake. Lakini kabla ya kupimwa, nesi aliyekuwa akijaza kadi alinitazama mimi na kuuliza, "Shida yake ni nini?" Nikamwambia, "Samahani, dada, mwulize mwenyewe."

Nesi akamgeukia. Nyanya akavuta kiti karibu. Alianza na jicho la kushoto, akaja la kulia, akaeleza siku aliyoona taa mbili badala ya moja, kisha akapitia magoti, kisha usingizi. Foleni iliyokuwa nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Nyanya akageuka, akawaambia wangoje, yeye pia alikuwa amengoja.