Leseni ya udereva iseme dereva alijifunza gari gani

MFANYABIASHARA wa mpunga anayetafuta dereva pale Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, kwa kawaida huuliza maswali mawili. Una leseni? Una miaka mingapi barabarani? Kijana akijibu vizuri, hukabidhiwa ufunguo wa pikapu na magunia siku hiyo hiyo.

Maswali hayo mawili yalitosha zamani, wakati karibu kila aliyepata leseni alijifunza kwa gari la gia za mkono, ambalo wengi huliita manyuo. Leo kuna swali la tatu ambalo wengi hawaliulizi: ulijifunza na kutahiniwa kwa gari gani?

Magari mengi madogo yanayoingia nchini ni mitumba kutoka Japani, na mengi kati ya hayo ni otomatiki. Kijana anayejifunza kwa gari la mjomba au la jirani anaweza kumaliza mafunzo, akafaulu na kupewa leseni bila kukanyaga klachi hata mara moja. Gari hubadilisha gia lenyewe na kamera humwonyesha kilichopo nyuma.

Teknolojia hiyo si adui. Imewarahisishia watu wengi kujifunza, na imepunguza uchovu wa dereva. Tatizo ni kwamba mtihani na leseni vimebaki nyuma ya gari. Madaraja ya leseni hapa nchini hutenganisha pikipiki, gari dogo, gari la abiria na magari ya kazi nzito. Hayatenganishi otomatiki na manyuo. Kwa hiyo aliyetahiniwa kwa Toyota IST ya otomatiki anaruhusiwa, kwa leseni ile ile, kuendesha pikapu ya manyuo iliyojaa mzigo.

Na kazi za vijijini bado ni za manyuo. Pikapu za zamani, Canter na Fuso zinazobeba pamba ya Kishapu na mpunga wa Kahama, pamoja na matrekta, nyingi zina klachi na gia za mkono.

Hapa Shinyanga nchi ni tambarare. Mwanafunzi anaweza kujifunza mpaka akafaulu bila kukutana na mteremko wa maana. Mteremko wake wa kwanza unaweza kuwa Mlima Sekenke, kati ya Igunga na Singida, akiwa na tani za mzigo mgongoni akirudi kutoka Dar es Salaam.

Dereva aliyefundwa hushusha gia kabla ya kuanza kuteremka, ili injini ilishikilie gari. Asiyejua huteremka kwa kukanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, na hapo gari hubaki mikononi mwa Mungu.

Hata otomatiki yenyewe ina somo lake. Nyingi zina nafasi ya 2 na L kwenye gia, na kazi yake mojawapo ni hiyo hiyo ya kushikilia gari mteremkoni. Wako madereva wenye leseni ambao hawajawahi kuzigusa.

Breki nazo zimebadilika. Katika gari la zamani, dereva hufundishwa kukanyaga na kuachia ili magurudumu yasijifunge. Katika gari lenye ABS anatakiwa akanyage kwa nguvu na kushikilia, hata pedali ikitetemeka mguuni. Anayechanganya mambo hayo mawili hukosea wakati ambao hakuna nafasi ya kusahihisha. Kamera nayo hufunikwa na tope au vumbi, na kundi la ng'ombe likitokea vichakani, macho ya dereva ndiyo yanayohitajika.

Nchi nyingine zimeshalifanyia kazi jambo hili. Japani, yanakotoka magari hayo, ilianzisha leseni ya otomatiki pekee mwaka 1991. Uingereza, anayefaulu kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha manyuo mpaka afanye mtihani mwingine. Ujerumani, tangu mwaka 2021, mtu anaweza kutahiniwa kwa otomatiki na bado akapata leseni ya magari yote madogo, lakini lazima asome masomo yasiyopungua 10 ya dakika 45 kwa gari la gia za mkono. Kenya nayo imetenga daraja la gari dogo la otomatiki.

Watakuwepo watakaosema kuwa jambo hili litamwongezea gharama kijana maskini anayetafuta ajira, na kwamba siku zijazo magari yote yatakuwa otomatiki. Hoja hizo zina uzito. Hata malori makubwa ya machimbo, kama yale ya migodi ya dhahabu, hubadilisha gia yenyewe. Lakini mkulima hasafirishi pamba kwa gari la siku zijazo. Na njia ya Ujerumani inaonyesha kuwa masomo machache ya ziada yanaweza kutosha, bila kumrudisha kijana mwanzo.

Wakati umefika kwa wanaosimamia mafunzo, majaribio na leseni kukaa pamoja na kuandika kwenye leseni aina ya gia aliyotahiniwa nayo dereva. Mtihani nao uulize habari za mteremko, ABS, na kurudi nyuma bila kamera.

Kabla hayo hayajafanyika, mwenye gari ajilinde. Akumbuke kuwa bima ndogo hulipa madhara ya mtu mwingine. Hailipi gari lake wala magunia yake. Nusu siku ya kumjaribu dereva ni rahisi kuliko hasara hiyo. Aondoke kwenye mwinuko bila gari kurudi nyuma. Ashushe gia bila kuisagisha. Arudi nyuma hadi kwenye rundo la magunia kwa kutumia vioo tu. Aeleze atakavyoteremka Sekenke.

Akishindwa, asifukuzwe. Apewe wiki mbili na dereva mzoefu, kwanza gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo. Watu husema ajali haina kinga, lakini hii inayo.