Aibu ya Mshahara



Habari za mazungumzo yetu na matajiri mtazisoma ukurasa wa nyuma. Hapa mbele tunataka kusema juu ya jambo lisilotajwa mikutanoni, ingawa kila mmoja wetu analo kifuani. Jambo lenyewe ni hili: namna tunavyoifikiria fedha, na namna fikira hizo zinavyotunyima usingizi.

Mtazameni mfanyakazi siku ya mshahara. Anapokea karatasi yake, anaikunja mara nne, anaitia mfukoni kabla jirani yake wa mashine hajaiona. Yeye hakuiba. Amefanya kazi siku ishirini na sita, na jasho lake limekauka mgongoni. Lakini anaificha, kwa sababu ameamini ya kuwa tarakimu iliyoandikwa pale chini ndiyo kipimo chake yeye. Mwenye shilingi 18,000 anajiona mtu wa 18,000. Akifika nyumbani mkewe akiuliza, anajibu kwa ukali. Mama akipiga simu kutoka reserve, haishiki. Jumapili rafiki zake wakimwita, asema anaumwa, na kweli anaumwa, ila si ugonjwa ambao daktari ataupata kwa kumwekea kipimo kifuani.

Aibu hii haikuwa ya wazee wetu wote. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa walipogoma, watu wa bandari na wa reli na hata wa mahoteli na majumbani, walikutana kila siku katika kiwanja cha mpira, na kiwanja kile kikaitwa Kiwanja cha Maskini. Fikirini jina hilo. Walisimama maelfu kwa maelfu mahali palipoitwa hivyo bila kuinamisha uso, maana walijua umaskini wao ulikuwa na sababu, na sababu haikuwa uvivu wao. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, kamati ya Serikali ya kikoloni yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikubali kwamba mshahara wa Mwafrika ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na ya kuwa karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kazi za watu binafsi hawakupata cha kuwatosha kwa afya na heshima. Basi mtu aliyeshindwa kulisha watoto kwa mshahara ule hakuwa mjinga wa kupanga matumizi. Hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa bila watoto wake.

Wako wanaotuhubiri kwamba fedha haileti raha. Maneno haya tumeona husemwa zaidi na wale wanayo. Sisi twajua jambo lililopimwa hapa hapa Kenya. Katika miaka ya 2011 na 2012, huko Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly liliwatumia fedha kwa simu jamaa maskini waliokaa katika nyumba za nyasi, bila sharti lo lote, na waliopewa walichaguliwa kwa bahati nasibu. Wataalamu wawili, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro, walifuatilia mambo yalivyokwenda, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2016. Waliopata walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo na mabati, na mioyo yao ilitulia: huzuni ilipungua, na watu walisema wanaridhika zaidi na maisha. Waliopewa fungu kubwa, hata mate yao yalipopimwa, yalionyesha wasiwasi mdogo kuliko ya wale waliopewa fungu dogo. Na pombe? Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Tunaomba jambo hili lisomwe kwa sauti kila mara tajiri anaposema mezani kwamba mfanyakazi akiongezwa mshahara ataupeleka baa.

Lakini kulikuwa na upande wa pili, na huu ndio unaotuhusu sana. Majirani ambao hawakupewa kitu, mifuko yao ikiwa vile vile kama jana, waliridhika na maisha yao kidogo kuliko mwanzo kwa kuwatazama wenzao waliopata, ingawa hali hiyo ilipoa kwa kadiri siku zilivyopita. Hawakuwa wabaya. Ndivyo moyo wa mtu ulivyo. Sasa tieni jambo hili katika karakana. Tajiri anamwita mmoja ofisini, anamwongezea 800, anamwambia asimwambie mtu. Habari inavuja kabla ya chai ya saa nne. Kwa 800 hiyo amenunua uchungu wa watu kumi na wawili, na uchungu huo haumwendei yeye. Unamwendea yule ndugu aliyeongezwa. Ndiyo maana Chama kinasisitiza ngazi za mshahara ziandikwe katika mkataba na kubandikwa ukutani. Wengine hudhani ni ukaidi wetu wa kupenda karatasi. La, ni kwa ajili ya amani kati ya mtu na mwenzake.

Tena kuna mikopo ya simu. Ilipoanza M-Shwari mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30: ukichukua 1,000 unarudisha 1,075. Mtu aonapo 75 huiona ni nauli tu. Lakini akikopa tena kila mwezi, kwa mwaka amelipa 900 ili awe na 1,000 ile ile. Hatusemi mkopo ni dhambi. Mtoto akiugua saa nane za usiku, simu hiyo ni ndugu. Tunasema juu ya mkopo unaochukuliwa ili ule mwingine usijulikane. Walikuja wakopeshaji wengine waliojua udhaifu wetu kuliko sisi wenyewe: ukichelewa, wanapigia watu walio katika simu yako, shemeji, mchungaji, hata msimamizi wako wa kazi. Dhamana yao ilikuwa aibu yako. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji wa mitandao kutisha, kutukana na kusumbua watu walio katika orodha ya simu ya mdaiwa. Anayefanyiwa hivyo ana haki ya kushtaki, lakini ni lazima kwanza aseme kwamba anadaiwa, na hapo ndipo wengi wananyamaza.

Sheria nyingine inayozikwa kwa kimya hiki ni ile ya Ajira ya mwaka 2007. Makato yote katika mshahara, kodi, akiba ya uzeeni, bima ya afya ya asilimia 2.75, ada ya nyumba ya asilimia 1.5, mkopo wa ushirika na mengineyo, yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili. Mwenye 18,000 ni lazima apokee si chini ya 6,000. Tumesikia katika matawi kwamba wako wanaopokea chini ya hapo mwaka mzima. Mjumbe wa wafanyakazi hakujua, maana karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne. Kweli theluthi hiyo ikifika mkononi huenda simu ikaimaliza kabla ya magharibi, na kwa hilo sheria haina dawa. Dawa ni mtu kuketi na mwenzake na kuhesabu.

Basi Halmashauri imekata shauri hivi. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, kila tawi litafungua ofisi tangu saa nne hadi saa nane. Njoni na karatasi za mshahara za miezi mitatu, na anayetaka aandike pia madeni yake ya simu, ya duka na ya mashailoki. Mweka hazina na mjumbe watahesabu pamoja nanyi. Palipo makato ya kupita kiasi, barua itakwenda kwa tajiri kwa jina la Chama, si kwa jina la mtu. Wanaoogopa kuja peke yao waje wawili wawili. Wake na waume wanakaribishwa, maana mara nyingi ndio walio gizani kabisa.

Na ndugu aliyekesha mwezi mzima, chakula hakipiti, na anaona heri asingekuwapo: huyo asingoje Jumamosi. Amwambie mjumbe leo, naye ataandamana naye zahanati kama ambavyo angeandamana na mwenye malaria. Wajumbe wote wamekwisha agizwa hivyo, na saa za kazi zitakazopotea Chama kitazidai kama ruhusa ya ugonjwa.