Kolwezi na Solwezi: Kupima Maisha Pande Mbili za Mpaka wa Shaba

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba nchini Kongo, na Solwezi, makao makuu ya mkoa wa Kaskazini-Magharibi nchini Zambia, ni miji ya shaba iliyotenganishwa na mpaka ambao Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji walikubaliana mwaka 1894. Walunda na Wakaonde wako pande zote mbili. Chakula ni kilekile, ugali: Kolwezi wanakiita bukari, Solwezi nshima. Hata kampuni iliwahi kuwa moja. First Quantum, iliyoanza uzalishaji katika mgodi wa Kansanshi karibu na Solwezi mwaka 2005, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuchakata upya mabaki ya Kingamyambo, yaani mchanga uliomwagwa kwa miaka mingi na kiwanda cha kuoshea madini cha Kolwezi, mpaka serikali ya Kongo ilipoifutia leseni mwaka 2009. Mgogoro huo ulimalizika mwaka 2012, pale kampuni ya madini ya ENRC ilipokubali kulipa dola bilioni 1.25 kwa mali ambazo First Quantum ilikuwa imepoteza Kongo. Anayetaka kujua nchi inamwongezea au kumpunguzia nini raia wake hatapata jozi inayofaa kuliko hii.

Kwa shaba peke yake, Kongo iko mbali. Mwaka 2023 ilizalisha zaidi ya tani milioni 2.8, sehemu kubwa ikitoka Lualaba, wakati Zambia nzima ilitoa tani 700,000 hivi. Lakini katika orodha ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2022, Zambia ilikuwa ya 153 na Kongo ya 180 kati ya nchi 193. Faharasa hiyo ina sehemu tatu, na ni vyema kuzifungua. Umri wa kuishi unatofautiana kwa miaka miwili hivi tu, na sababu mojawapo ni virusi vya Ukimwi: Zambia takriban mtu mzima mmoja kati ya kumi anaishi navyo, Kongo kiwango ni cha chini sana. Miaka ambayo watu wazima walikaa shuleni nayo karibu inalingana. Pengo kubwa liko kwenye pato: la Mzambia ni kama mara tatu ya la Mkongomani.

Wastani huo wa shule, hata hivyo, hauonyeshi nani aliyelipa. Kuanzia miaka ya 1990 wazazi wa Kongo walibeba mishahara ya walimu kwa michango yao, hadi elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019. Zambia iliondoa ada za msingi na sekondari kuanzia Januari 2022, na mwaka huohuo ikaajiri walimu wapya wapatao 30,000. Nchi zote mbili ziliishia na madarasa yaliyofurika, ila Zambia ilitangulia kutafuta mtu wa kusimama mbele ya ubao.

Tofauti iliyokaa ndani zaidi ilianza migodi ya umma ilipoanguka. Gécamines ya Kongo na ZCCM ya Zambia ziliwalea wafanyakazi wao kwa namna inayofanana: nyumba, hospitali, shule, na upande wa Kongo hata mgao wa unga. Gécamines, iliyokaribia tani 480,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka hadi tani 30,000 hivi mwaka 1994, baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na watu wa asili ya Kasai kufukuzwa Katanga, mkoa wa wakati huo uliojumuisha Kolwezi, mwaka 1992 na 1993. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, na malipo waliyopewa hayakufidia mishahara ambayo hawakuwa wamelipwa. Zambia nako ubinafsishaji uliwatupa maelfu nje, na miji ya Kitwe na Luanshya iliumia sana. Lakini nyumba za migodi ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani yake. Aliyepoteza kazi alibaki na paa, na paa linaweza kupangishwa.

Kolwezi iliyobaki bila mshahara iligeukia koleo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na wenyeji wakachimba mashimo uani na hata vyumbani. Kazi hii huua: Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa katika eneo la mgodi wa Kamoto. Hata hivyo huleta dola siku hiyohiyo, na ndiyo maana vijana huiacha mikoa mingine na kuhamia Lualaba. Takwimu za umaskini hazisemi vizuri kuhusu maisha ya namna hii, ambamo mtu ana fedha Jumatatu na hana kitu Alhamisi, na maji ya bomba hana siku zote mbili.

Unga unaonyesha pengo kati ya pande hizi mbili wazi zaidi. Ardhi ya Lualaba ina rutuba na mvua, lakini mikono imekwenda mashimoni, na sehemu kubwa ya unga wa Kolwezi hutoka Zambia, ambako serikali hutoa ruzuku ya mbolea. Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka ng'ambo, Zambia ilifunga kwa muda vituo vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Mji wenye kobalti ya dunia ulijikuta ukitegemea uamuzi wa Lusaka ili upike.

Zambia isisifiwe kupita kiasi. Mwaka 2022 watu wake 60 kati ya 100 walikuwa maskini kwa kipimo chao wenyewe, na ukame wa 2024 ulipunguza maji ya bwawa la umeme la Kariba hadi nyumba zikakaa gizani karibu siku nzima. Kolwezi wana haki ya kutabasamu kidogo, ingawa wao wako gizani pasipo ukame: laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700, inaishia mjini kwao tangu 1982, na umeme unakwenda kwanza migodini.

Katika sheria, Kongo ndiyo iliyotangulia. Kanuni ya madini ya 2018 inaupa mkoa asilimia 25 ya mrabaha na maeneo yenye migodi asilimia 15, na kila kampuni inadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo kwa ajili ya jamii inayoizunguka. Zambia hukusanya mrabaha hazina, kisha hugawa mfuko wa majimbo ya uchaguzi, uliopandishwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, liwe na mgodi au lisiwe nao. Kwa mpango huo, mwananchi wa Solwezi hapati cha ziada kwa kukaa juu ya shaba, na analalamika. Yule wa Dilala au Manika, tarafa mbili za Kolwezi, ameandikiwa cha ziada kisheria. Kinachokosekana ni hesabu iliyo wazi ya kiasi kilichofika na barabara au bomba kilikoishia.