Paka Mzee Hana Ukorofi, Ana Ugonjwa

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Siku hizi naona methali hii imegeuka. Anayetoa mateke ni sisi binadamu, na anayepigwa ni paka aliyetutumikia kwa miaka na mikaka.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimo katika kundi la wakosaji. Nyumbani tuna paka aitwaye Simba. Aliletwa nikiwa na miaka mitatu, kwa hivyo sasa ana miaka 13. Tunaishi katika nyumba ya kupanga, orofa ya tatu, na haja zake alizifanya katika karai kuukuu lenye mchanga karibu na mlango. Akimaliza anafukia, anaenda zake. Nao panya hawakuthubutu kugusa gunia letu la mahindi.

Muhula wa kwanza mwaka huu mambo yalibadilika. Simba alianza kukojoa kando ya karai, kisha chini ya kiti, na siku moja alfajiri juu ya sweta yangu ya shule. Nyote mwajua kwamba sisi wa shule ya kutwa wengi wetu tuna sweta moja tu. Nilikuja nayo hivyo hivyo. Walioketi karibu nami siku hiyo wanakumbuka, na jinsi walivyocheka sitasahau! Jioni nilishika ufagio nikampiga. Hakukimbia. Alijikokota tu hadi chini ya kabati. Hapo ningejiuliza, paka gani huyu asiyekimbia? Lakini wapi! Hasira hasara.

Mama akasema, "Huyo amezeeka. Mtie kwenye gunia ukamwache sokoni." Jumamosi nikamtia. Njiani nilipita duka la dawa za mifugo, na daktari wa mifugo aliyekuwa pale mlangoni akasikia mlio. Nilipomweleza hakunigombeza. Aliniuliza maswali matatu tu. Je, anakunywa maji kuliko zamani? Amekonda? Bado anaruka juu ya kiti? Nikakumbuka kwamba Simba alikuwa akishinda kwenye ndoo ya maji, mifupa ya mgongo ilikuwa inahesabika, na kiti alikuwa hakipandi tena. Daktari alimpima, akasema figo zimechoka na viungo vya miguu ya nyuma vinauma. Nilirudi nyumbani na gunia langu, macho chini.

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya: paka mzee anayekojoa ovyo asipigwe wala asitupwe, apimwe. Figo za paka huchakaa polepole, na sehemu kubwa huwa imeharibika kabla hatujaona dalili yoyote. Zikishindwa kuhifadhi maji mwilini, mkojo huwa mwingi, naye hunywa sana, hukonda, na mkojo humtoka kabla hajafika mahali pake. Kisukari nacho huleta mambo kama hayo hayo. Kuhusu viungo, mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walichapisha habari za picha za eksirei za paka 100 waliopita umri wa miaka 12. Tisini kati yao walikuwa na maradhi ya viungo! Paka kama huyo akiinua mguu kuvuka ukingo wa karai anaumia, basi anaona afadhali sakafu. Tena kuna jambo la hatari zaidi: paka dume akichuchumaa kila mara bila kutoa mkojo, huenda njia imeziba. Huyo apelekwe kwa daktari siku iyo hiyo, la sivyo atakufa.

Wapo watakaosema, "Ati hospitali ya paka? Watu wenyewe wanakosa pesa za dawa!" Ni kweli, hata kwetu pesa si nyingi. Lakini sikilizeni tulivyofanya. Tulichukua jerikeni la lita 20 lililotoboka, tukalikata ubavu mmoja uwe chini kabisa, tukatia mchanga. Simba anaingia bila kuruka. Mchanga tunaubadilisha, na maji safi hayakosekani. Hayo ni mambo ya bure. Ila tahadhari: msimpe paka dawa za watu za maumivu. Tembe moja tu ya paracetamol inaweza kumwua. Na mateso yakizidi kabisa, daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano bila uchungu. Ni heri hivyo kuliko gunia. Isitoshe, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama na hata kumtelekeza.

Nyanya yangu ana kisukari. Kabla hajaanza dawa aliamka usiku mara nne au tano, na kuna siku alichelewa kufika msalani. Je, kuna aliyemshikia ufagio? La hasha! Tulimpeleka hospitali na tukamwekea ndoo karibu na kitanda. Miaka 13 ya paka hukadiriwa kuwa sawa na 68 ya binadamu. Simba basi ni mzee kama nyanya, tofauti ni kwamba yeye hana mdomo wa kusema, "Mjukuu wangu, naumwa." Mkojo wake pale sakafuni ndio maneno yake.

Simba hajapona, na daktari alituambia wazi kwamba figo zilizochakaa hazirudi kuwa mpya. Lakini sakafu yetu ni kavu, na mama mwenyewe siku hizi ndiye anayemwita ale. Dalili ya mvua ni mawingu. Ukiona paka wako amebadilika, weka ufagio chini kwanza, umtazame. Mimi sikumtazama, na hadi leo nikishika ufagio nyumbani, Simba anajificha chini ya kabati.