Masomo ya Flash: Mali Chakavu Isiuzwe kwa Bei ya Mpya

Mfanyabiashara wa Mwanza anayetaka kufungua kituo cha mafunzo ya kompyuta anaweza kushawishiwa kununua “masomo kamili” yaliyojazwa kwenye diski moja, kwa bei inayoonekana ya kutupa. Kabla ya kutoa hata shilingi, aulize masomo hayo yalitengenezwa kwa teknolojia gani. Akijibiwa Flash, bei hiyo si ya kutupa hata kidogo.

Kwa miaka mingi Flash ndiyo iliyoendesha picha za kutembea, majaribio ya sayansi na mazoezi ya kubofya. Mwenye mali, kampuni ya Adobe ya Marekani, alitangaza Julai 2017 kwamba ataisitisha. Huduma ikakoma Desemba 31, 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 programu yenyewe ikakataa kuonyesha masomo. Notisi ilikuwa ya zaidi ya miaka mitatu, lakini ilimalizika mwaka ule ule ambao shule zetu zilifungwa Machi kwa sababu ya corona, na masomo ya kompyuta yakahitajika kuliko wakati wowote.

Wakazi wa Mwanza waliwahi kuliona jambo hili. Mitambo ya analojia ilipozimwa hapa mwishoni mwa Februari 2013, televisheni za watu hazikuharibika, zilikosa king’amuzi tu. Flash nayo ina king’amuzi chake, kinaitwa Ruffle, na ni cha bure. Ila si kila somo linakubali. Ya zamani zaidi hufanya vizuri. Yaliyoandikwa kwa ActionScript 3 mengine hukwama. Mnunuzi ayajaribu moja moja, muuzaji akiwa amesimama hapo hapo.

Fedha hasa imelala kwenye mafaili. Somo la Flash lina faili la kazi, FLA, na faili analofungua mwanafunzi, SWF. Mwenye FLA anaweza kulifungua kwa programu ya Adobe Animate na kulihamishia kwenye HTML5, ingawa maelekezo ya ndani itabidi yaandikwe upya. Mwenye SWF peke yake ni sawa na aliyenunua minofu ya sangara akitegemea kupata samaki mzima. Atalipa fundi aanze upya, kisha ashangae kwa nini “masomo ya bei nafuu” yamemgharimu mara mbili.

Tena wauzaji hawasemi kwamba mteja wa Nyegezi, Sengerema au Ukerewe mara nyingi ana simu, hana kompyuta. Adobe iliacha kuendeleza Flash ya simu Novemba 2011. Bidhaa hii ilipoteza soko hilo miaka tisa kabla ya kuzikwa rasmi.

Maoni yetu ni kwamba kituo chenye masomo ya zamani kisijaribu kuyaokoa yote. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanza 2002, ulikuwa na majaribio ya sayansi ya Flash na Java. Mengi yameandikwa upya kwa HTML5, yanatolewa bure, na mengine yana tafsiri ya Kiswahili. Kumlipa fundi atengeneze jaribio la saketi ya umeme ambalo tayari lipo bure ni kuchoma mtaji. Fedha iende kwenye masomo ambayo wa Colorado hawatatutengenezea: hesabu za duka, ubora wa dagaa, ufugaji wa samaki kwenye vizimba. Yaliyobaki yafutwe kwenye vitabu kama mali iliyochakaa. Somo la kodi la mwaka 2012, kwa mfano, lingetupwa hata kama Flash ingekuwa hai.

Wanaoagiza masomo mapya waweke kwenye mkataba kwamba faili la kazi ni mali ya mnunuzi, na litakabidhiwa kabla ya malipo ya mwisho. Mtengenezaji akigoma, atafutwe mwingine.

Na wale waliobakiza kompyuta moja ya zamani yenye Flash ili kumalizia kozi, waikate kabisa kutoka kwenye intaneti. Mianya yake haizibwi tena na mwenye programu, na kompyuta hiyo isiwe ndiyo yenye orodha ya ada.