MKOBA PEKE YAKE HAUTOSHI



Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ya Kenya iliwapa wahudumu wa afya wa vijijini, wapatao 100,000, mikoba ya vifaa. Iliagwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu Serikali kuu, nusu kaunti. Ushirika huo ni mwema. Lakini sisi wa reli twajua: hapana apewaye bendera ya gadi kabla ya kufundishwa.

Hapa Salaita anayewapima wazee presha ni jirani ajuaye kila mlango. Basi twataka mawili: posho ifike kwa wakati, na jirani huyo afunguliwe njia ya kusomea Chuo cha Utabibu (KMTC) cha Voi. Chama na kiyapeleke haya kaunti.