Bi Harusi Asichaguliwe Anime kwa Uzuri wa Kijana

Sisi mafundi wa Kwaluguru, Handeni, tunasikia mengi bibi harusi wanapokuja kupimwa gauni. Shoga anamwambia mwenzake: "Kama uliipenda ile anime, tazama na hii, kijana wake mzuri zaidi." Huo ndio ulinganifu? Sura ya mwanamume?

Tunakataa. Linganisheni anachofanya msichana. Katika Howl's Moving Castle (2004), Sophie anatengeneza kofia dukani kwao. Ukimpenda huyo, mtazame Kiki wa Kiki's Delivery Service (1989), mwenye miaka 13, anayejitafutia riziki kwa kupeleka vifurushi. Kisha Chihiro wa Spirited Away (2001), anayefanya kazi huku akitafuta njia ya kuwakomboa wazazi wake. Malizia na The Tale of the Princess Kaguya (2013): baba anataka mkwe mkubwa, moyo wa binti hauulizwi. Hapo simamisheni mzungumze, maana Mtume (S.A.W.) ametufundisha bikira aombwe idhini.

Mtasema humo mna uchawi. Kweli umo, hatuufichi. Ndiyo maana tazameni pamoja na mabinti, muwaambie hili si letu. Lakini zile za mapenzi wanazopeana kimya kimya, hizo nani anawaeleza?

Bi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara kabla hajaolewa na Mtume. Binti aingie ndoani akijua mikono yake ina kazi na ulimi wake una neno.